Mistari Kumi na Mmoja ya Chiriku

Machi 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nikiwa kazini. Wenzangu wa ofisi ya maji wameacha mafaili wakaenda dirishani kuitazama, mimi nikabaki kitini nikijifanya nina kazi nyingi. Wakati wa kurudi nimenunua daftari hili. Tangu mke wangu ahamie kwa dada yake sina mtu wa kumsimulia siku ilivyokwenda, isipokuwa jokofu, nalo hunikatiza kwa kunguruma.

Machi 4

Mvua. Chupa ya kupimia mvua ipo palepale uani. Sikupima.

Machi 6

Nimepata barua pepe nikaisoma mara tano, nikidhani ni matapeli. Kampuni inayotengeneza mitambo ya kutahadharisha mafuriko inataka kutumia maktaba yangu. Niieleze vizuri, maana hata baba yangu mzazi aliwahi kuniuliza vitabu viko wapi. Maktaba, kwetu waandika programu, ni fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, lililokwisha kuandikwa. Mtu mwingine analichukua na kulitia kwenye programu yake ili asianze moja. Yangu inasoma namba kutoka vipima mvua, inazisafisha na kuonyesha penye hitilafu. Nimeiandika kwa miaka tisa, alfajiri kabla ya kazi na Jumapili, nikaiweka mtandaoni kila mtu auone msimbo wake na kuutumia. Katika miaka tisa hiyo nimepongezwa na watu wanne, mmoja wao mama yangu.

Wanasema pia kwamba wangependa niende kuisimamia huko kwao, kazi ya kudumu. Nilikaa jikoni na simu mkononi. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia yuko kaburini, na wa pili hapokei simu zangu.

Machi 7

Mvua. Sikupima.

Machi 11

Wakili wao amepiga simu. Ni mwanamke kijana, sauti ya upole, anajua anachokisema.

"Mzee wangu, kazi yako ni nzuri sana. Kinachotukwaza ni leseni."

"Si nimeruhusu kila mtu?"

"Umeruhusu, lakini kwa sharti. Leseni uliyochagua inasema tukisambaza programu yenye msimbo wako ndani yake, na wa kwetu tuuweke wazi wote, kwa leseni hiyohiyo. Wakubwa hawataki hata kusikia. Tunaomba toleo jipya lenye leseni nyepesi, ile inayodai tu jina la mwandishi libaki."

Nikamwambia hilo ni dogo, ni kubadilisha faili moja, jioni atakuwa nalo. Akacheka kwa adabu.

"Si lako peke yako, mzee. Kila mstari una mwenyewe, yule aliyeuandika. Kila aliyechangia lazima akubali kwa maandishi. Asiyekubali, mistari yake inatolewa na kuandikwa upya."

Nimekumbuka tulivyoichagua leseni yenyewe. Kwa miaka mitano ya mwanzo maktaba ilikaa mtandaoni bila leseni yoyote, nami nikiamini kwamba kinachoonekana na wote ni cha wote. Kumbe bila leseni hakuna aliyeruhusiwa chochote. Aliyenishtua ni binti yetu, akiwa na miaka kumi na mitatu. Tulimwita Chiriku tangu ana miaka miwili, kwa sababu hakujua kunyamaza, na tukaitwa Baba Chiriku na Mama Chiriku mpaka majina yetu yakasahaulika. Alikaa mezani akazisoma leseni kwa sauti, moja baada ya nyingine. Mama yake ni fundi cherehani, na siku ile alikuwa akipiga pasi. Akatuuliza zinatofautianaje, tukamweleza.

"Chukueni hiyo ya masharti," akasema. "Ndivyo ninavyogawa karatasi zangu za kukatia nguo. Nakupa bure. Ukiirekebisha ukampa mwingine, na wewe mpe bure, na yeye ajue hivyo."

Kwa hiyo leseni yetu ilichaguliwa na fundi cherehani, pasi ikiwa mkononi.

Machi 13

Wachangiaji ni watatu ukiniondoa mimi. Wa kwanza anajiita Kobe, yuko nchi ya mbali, sijui ni mwanamume au mwanamke, na barua hujibu baada ya wiki. Wa pili ni Fundi Redio, mwenye duka la kutengeneza redio na simu mtaa wa pili. Ndiye aliyeandika sehemu inayopokea namba kutoka vipima vya mbali. Wa tatu ni Chiriku. Mistari kumi na mmoja.

Ile chupa uani ni yake. Aliikata shingo akaigeuza iwe mdomo, na ubavuni akabandika kipande cha tepu ya kupimia ya mama yake. Kila siku saa moja asubuhi alipima, akaandika, akazitia namba kwenye ukurasa wa maktaba kama mfano, na grafu ikajichora yenyewe. Siku moja akaja kunigombeza. Nilikuwa nimeandika msimbo ambao siku isiyo na namba inawekewa sifuri.

"Baba, sifuri maana yake nilitoka, nikaangalia, sikukuta maji. Nisipotoka si sifuri. Ni sijui."

"Matokeo ni yaleyale."

"Si yaleyale. Unasingizia."

Nikamwambia kama anajua sana arekebishe mwenyewe. Akarekebisha, siku mbili mfululizo, ulimi nje. Siku isiyopimwa ikabaki tupu, na kila hesabu ikairuka. Jina lake likaingia kwenye orodha ya wachangiaji, na wiki nzima hatukupumua ndani ya nyumba hii.

Machi 14

Fundi Redio ametia sahihi juu ya meza yake ya kazi, kwa kalamu inayovuja. Hakusoma. "Leseni gani tena," amesema, "hata ya udereva sina."

Machi 15

Mvua. Sikupima.

Machi 22

Kobe amejibu. Neno moja: Nakubali.

Machi 23

Wakili ameuliza habari za mchangiaji wa tatu.

"Ni binti yangu," nikasema.

"Basi huyo ni rahisi."

"Alifariki mwaka jana, mwezi wa nne. Homa ya uti wa mgongo."

Akanipa pole, na naamini ilitoka moyoni. Kisha akaniambia kwamba haki ya Chiriku haikufa naye. Imehamia kwa warithi, yaani mimi na mama yake, kwa hiyo zinatakiwa sahihi mbili.

"Au iandikwe upya," akasema. "Ni mistari kumi na mmoja tu."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini lile "tu" nimetembea nalo mchana kutwa.

Machi 24

Mvua.

Machi 25

Mvua. Wenzangu kazini siku hizi hawaniiti Baba Chiriku. Baada ya mazishi walibabaika wiki mbili, kisha wakaafikiana na "mkubwa". Mimi si mkubwa wa mtu pale.

Machi 29

Nimekwenda kwa shemeji, ambako mke wangu anaishi tangu mwezi wa tisa. Nilikuwa na bahasha kwapani. Shemeji akanipokea mlangoni na hakunikaribisha ndani.

"Amelala," akasema.

Ilikuwa saa kumi jioni, na nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia.

"Siku hizi cherehani yenu inashona yenyewe, shemeji?"

Hakucheka. Aliitazama bahasha.

"Ukija kwa ajili yake, atatoka. Ukija kwa ajili ya makaratasi, utakuwa unanikuta mimi. Mimi nina muda mwingi, nimestaafu."

Nikarudi na bahasha yangu. Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mke wangu hakuondoka kwa ugomvi. Alipokuwa akimtaja mtoto, mimi nilikuwa nafungua kompyuta. Alimtaja kila siku, miezi minne, na kila siku niliifungua. Siku ya kuondoka alinieleza jambo hilo taratibu huku akikunja vitambaa, nami nikawa nasubiri amalize ili nirudi kwenye kazi.

Aprili 2

Kampuni inataka jibu kabla ya tarehe kumi.

Aprili 6

Nimeifungua faili yake. Sikuwa nimeifungua tangu aiandike. Juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza, ameacha maelezo: "Baba usiguse hapa kabla ya kuniuliza."

Nimeifunga.

Aprili 8

Nimejaribu kuandika upya kwa njia nyingine jambo lilelile. Kila nikiandika linatoka kama lake, mpaka majina aliyoyapa vitu vyake. Wakili alikwisha kunionya kwamba hiyo haiitwi kuandika upya, ni kunakili kwa mwandiko mwingine.

Aprili 9

Nimeifuta. Mahali pake nimeweka mstari mmoja: siku isiyo na namba, weka sifuri. Imechukua dakika tatu pamoja na kunywa maji. Nimejiambia mitambo yao haikosi kupima, kwa hiyo haina madhara. Nimejiambia ni kwa muda. Nimejiambia pia kwamba kumwendea mke wangu na karatasi ya kutia sahihi ni kumtonesha kidonda, na kwamba ninamhurumia. Hilo la mwisho nilipoliandika hapa nimeona haya, maana niliyekuwa namhurumia ni mimi.

Nimelitoa jina kwenye orodha, nimetia sahihi, nimetuma.

Aprili 10

Mvua kubwa. Sikupima.

Aprili 12

Mke wangu amepiga simu. Saa moja na robo asubuhi, nikiwa navaa viatu.

"Baba Chiriku."

Sikumbuki lini aliniita hivyo mara ya mwisho. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja.

"Umeifuta," akasema.

"Nini?"

"Usiniulize nini. Kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani nafungua ule ukurasa wenu. Naangalia jina lake. Naangalia lile pengo la mwaka jana. Nafunga, naanza kazi. Wewe ulidhani naishi kwa nini? Leo jina halipo. Na pengo halipo."

Nilielewa kabla hajamaliza. Ile grafu ya uani kwetu hujichora upya kila toleo likibadilika, na toleo jipya limewekwa mtandaoni jana usiku. Mwaka jana kuanzia Aprili 11 tulikuwa hospitali, na hakuna aliyepima mpaka mwisho wa mwezi. Siku ishirini. Kuanzia Mei mama yake ndiye aliyepima, kila saa moja asubuhi, mpaka alipohama. Mimi sikupima hata mara moja. Msimbo wa Chiriku ulikuwa umeziacha tupu zile siku ishirini, na msimbo wangu ulikuwa umezijaza sifuri, pamoja na miezi yote tangu mama yake ahame.

"Kuna mstari umelala chini," akasema. "Nimehesabu. Sifuri, sifuri, siku ishirini. Ile mvua nilikuwa naisikia juu ya bati la wodi, usiku na mchana, nikimwambia aisikilize. Siku tuliyomzika kaburi lilijaa maji mpaka wachimbaji wakayachota kwa ndoo, na wewe ulikuwa umesimama hapohapo na viatu vyako vikiwa na tope. Leo unaandika mbele ya dunia nzima kwamba haikunyesha."

"Mama Chiriku, ni programu. Haisemi kwamba..."

"Yeye alikwambia. Alisimama hapo mlangoni akakwambia, usipotoka kuangalia usiandike sifuri. Mimi sijui programu, lakini hilo nililisikia nikiwa napika."

"Ningekuja kukuuliza ungekataa."

"Ningekataa," akasema. "Na ungenisikia nikikataa. Tungekaa, ningekataa, tungemtaja. Hata hilo umeninyima."

Hakukata simu mara moja. Nilimsikia akivuta kiti, kisha cherehani ikaanza, polepole, halafu kwa kasi. Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha. Kazini nimefika saa tano na hakuna aliyeniuliza.

Aprili 13

Nimempigia wakili. Nimemwambia nataka kurudisha kama ilivyokuwa. Akafungua mkataba akanisomea: toleo jipya limeshachukuliwa, na anwani ya ule ukurasa ni ya kampuni sasa, wataufunga mwisho wa wiki ili watu wasichanganyikiwe. Nilitia sahihi bila kusoma, mimi niliyemcheka Fundi Redio.

"Na lile la zamani?" nikauliza. "Lenye mistari yake?"

"Hilo huwezi kulifuta, mzee, wala sisi hatuwezi. Ruhusa ikishatolewa hainyang'anywi. Yeyote aliyebaki na nakala yake anaweza kuiendeleza kwa masharti yaleyale."

Mimi sina nakala. Nilikuwa nimesafisha kila kitu, kwa bidii, ili historia ianze upya kama walivyotaka.

Aprili 16

Ukurasa umefungwa.

Aprili 17

Mvua.

Aprili 20

Mvua. Sikula.

Aprili 30

Mwaka mmoja tangu tumzike. Nimekwenda makaburini saa mbili asubuhi nikadhani nimewahi. Nimekuta pameshafagiliwa na alama za viatu vya mke wangu bado mbichi kwenye udongo, zinaingia, zinasimama muda mrefu sehemu moja, zinatoka. Nikasimama na mimi hapo aliposimama.

Sasa niliandike hili ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile tulipotoka kuzika, watu walipojaa sebuleni, mimi nilipita uani. Chupa ilikuwa imejaa maji mpaka yanamwagika. Nikajua ningetakiwa kusoma na kuandika. Ndilo jambo pekee ambalo angeniomba. Nikaishika nikaimwaga. Nilinawa mikono kwa maji yale nikarudi ndani kupokea pole. Kwa hiyo siku ile haikukosa kupimwa kwa sababu tulikuwa na msiba. Ilikosa kwa sababu yangu.

Mei 2

Mvua, lakini imepungua.

Mei 9

Nimepita kwa Fundi Redio kuchukua chaja. Alikuwa na uso wa mtu aliyekula kitu cha watoto.

"Shemeji alikuja dukani," akasema. "Wiki iliyopita, mara tatu."

"Mke wangu? Kufanya nini?"

"Alikuja na ile leseni yenu ya zamani, ameichapisha karatasi zote, amepigia mistari kwa chaki ya kukatia nguo. Akaniuliza, hapa pameandikwa mtu yeyote anaweza kuchukua, kubadilisha na kutoa. Mtu yeyote ni nani? Nikamwambia yeyote. Akasema, hata mimi? Nikamwambia hata wewe. Akasema, bila sahihi ya mume wangu? Nikamwambia shemeji, bila sahihi ya mtu."

Fundi Redio hafuti kitu. Ana redio za marehemu babu yake kwenye rafu, na kwenye kompyuta yake alikuwa na nakala nzima ya maktaba, ya kabla ya Aprili 9, pamoja na historia yake.

"Nilimwonyesha mara moja tu," akasema. "Anajifunza haraka kuliko wewe."

Akaniandikia anwani nyuma ya risiti. Sikusubiri kufika nyumbani, nimeifungua barabarani. Leseni ni ileile ya masharti. Wachangiaji wanne, majina yote. Faili ya Chiriku ipo, na ule mstari wa juu unaoniambia nisiguse. Grafu ya uani ina pengo lake la siku ishirini, kisha namba za mama yake, kisha utupu kuanzia mwezi wa tisa mpaka leo, ambao ni wangu. Palipoandikwa msimamizi pameandikwa Mama Chiriku.

Nimesimama pale mpaka mwenye duka la viatu akaniuliza natafuta namba ngapi.

Mei 10

Nimeufungua ukurasa asubuhi.

Mei 11

Nimeufungua.

Mei 15

Kazi ya kampuni nimeikubali, nitaanza Juni. Nilifikiria kukataa. Lakini sina sababu ya kukataa isipokuwa aibu, na aibu nitakuwa nayo nikiwa hapa au kule.

Mei 21

Nimefanya jambo. Kwenye ukurasa wake, kama mtu mwingine yeyote, nimetuma ombi la kuongeza namba moja: Aprili 30 ya mwaka jana, chupa nzima. Kwenye maelezo nimeandika yote, kwamba niliikuta imejaa, kwamba niliimwaga bila kusoma, kwamba nilinawa. Ombi kama hilo haliingii mpaka msimamizi akubali. Miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa nakubali au kukataa kazi za watu, na sikujua kungojea kunavyokuwa.

Mei 22

Hajajibu. Mawingu, hakuna mvua.

Mei 24

Hajajibu.

Mei 27

Amejibu saa moja asubuhi. Ombi limekataliwa. Chini yake ameandika:

"Baba Chiriku, nimesoma. Sikujua kama ni wewe uliyeimwaga. Nimekaa nalo siku tatu na bado sijui nilifanye nini. Namba yako siwezi kuiingiza, chupa iliyofurika haijulikani ilikuwa na kiasi gani, na hakuna aliyesoma. Siku hiyo iache tupu. Kama una za kwako ulizotoka ukapima mwenyewe, lete."

Sina hata moja. Mvua ya msimu mzima imepita uani kwangu, na hakuna siku niliyotoka.

Mei 28

Nimeamka mapema. Saa moja kamili nimetoka uani. Chupa ilikuwa na jani lililooza na maji ya zamani ya kijani. Nimeimwaga, nimeisugua ndani kwa kitambaa, nimeirudisha kwenye matofali yake. Tepu ya mama yake imefifia lakini inasomeka. Ya leo siwezi kuandika kitu, nimeiacha tupu.

Mei 29

Saa moja asubuhi. Anga nyeupe, mvua zimekwisha. Nimetoka, nimechuchumaa, nimeangalia mpaka chini. Sifuri. Nimemtumia.